Usiku Juu ya Meza: Pigano la Epipolae Katika Mchezo wa Visanamu

Mchezo wa vita wa mezani ni ule ambao wachezaji wawili au zaidi huongoza majeshi ya visanamu, yaani sanamu ndogo za askari zilizosubiwa kwa madini au kutengenezwa kwa plastiki na kupakwa rangi kwa mkono, juu ya meza iliyopangwa vilima, mito na kuta kwa mfano wa uwanja fulani wa mapigano, huku mwendo wa vikosi ukipimwa kwa rula na matokeo ya kila pambano yakiamuliwa kwa dadu na majedwali ya kanuni. Mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, H. G. Wells, aliuandikia mchezo wa aina hii kitabu mwaka 1913, na tangu hapo umekuwa na wapenzi wengi, hasa Uingereza na Marekani, ambao mara nyingi hawaridhiki na vita vya kubuni bali hupenda kurudia mapigano yaliyotokea kweli, ili waone kama amri nyingine ingezaa matokeo mengine. Katika jitihada hiyo pigano la mchana ni kazi nyepesi kiasi. Pigano la usiku ndilo linaloutia mchezo wote mashakani, kwa sababu linaondoa kitu ambacho meza humpa kila mchezaji bila yeye kukiomba, nacho ni kuona.

Mchezaji aliyesimama kando ya meza huutazama uwanja wote kwa mara moja, akajua adui yuko wapi, ana vikosi vingapi, na upande gani wa safu yake umeanza kulegea. Hali hiyo ni ile ile ya bao, ambamo kete zote ziko wazi mbele ya wachezaji wote wawili na ushindi humwendea anayehesabu mbali zaidi. Jemadari halisi hakupata fursa kama hiyo hata saa sita mchana, kwani vumbi, miti, miinuko na ripoti zilizochelewa vilimficha sehemu kubwa ya yaliyokuwa yakitendeka, na mara nyingi alijua kwamba ubavu wake mmoja umevunjika pale tu alipowaona watu wake wakimpita mbio. Kwa hiyo kila pigano la mezani lina uongo fulani ndani yake, uongo ambao wachezaji wameuzoea kiasi cha kutouona tena, na usiku hauuletei mchezo tatizo jipya bali huanika lile lililokuwapo tangu mwanzo.

Pigano linalofaa kuliko mengi kulipima jambo hili ni lile la Epipolae, lililopiganwa katika kiangazi cha mwaka 413 K.K., yaani kabla ya Kristo, nje ya kuta za Sirakusa, mji wa kisiwa cha Sisilia ambao wasomaji wa Matendo ya Mitume wanaukumbuka kama bandari ambako Mtume Paulo, zaidi ya miaka mia nne baadaye, alikaa siku tatu akiwa safarini kupelekwa Roma. Habari zake zimo katika kitabu cha saba cha historia ya Thucydides, Mwathene aliyewahi kuwa jemadari kabla ya kuondolewa mjini kwake na kuishi uhamishoni, na ambaye anasema kwamba hilo lilikuwa pigano pekee la usiku kati ya majeshi makubwa katika vita vile virefu vya Athene na Sparta. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba mwanahistoria huyu, ambaye kwa kawaida husimulia kwa uhakika usiomwachia msomaji nafasi ya kuuliza, hapa anakiri kwamba haikuwa rahisi kupata kwa upande wowote maelezo kamili ya yaliyotokea, kwa kuwa hata mchana walio vitani hawajui zaidi ya kile kilicho karibu nao, sembuse usiku. Kauli hiyo inafaa ichukuliwe na mtunzi wa mchezo kuwa kanuni ya kwanza, iliyo juu ya nyingine zote.

Waathene walikuwa wameuzingira mji huo tangu mwaka uliotangulia, wakiongozwa na Nicias, mtu mwangalifu na mgonjwa wa figo, nao walikusudia kujenga ukuta wa kuufungia Sirakusa upande wa nchi kavu ili njaa ifanye kazi iliyobaki. Mpango huo uliharibika alipofika Gylippus, afisa kutoka Sparta, ambaye aliwatia watu wa Sirakusa moyo na kuwasimamia wajenge ukuta wa kukingama, yaani ukuta wao wenyewe unaoikata njia ambayo ukuta wa Waathene ulipaswa kupita. Ukuta huo ulipita juu ya Epipolae, uwanda wa mawe ulioinuka kandokando ya mji kwa umbo linalokaribia pembetatu, wenye magenge pande zake na ncha nyembamba upande wa magharibi mahali panapoitwa Euryelus, ambapo ndipo penye njia ya kupandia. Anayetengeneza uwanja huo kwa tabaka za povu gumu la plastiki atajaribiwa kuiweka pale Euryelus ngome kubwa ya mawe ambayo magofu yake huonekana hadi leo, lakini ngome hiyo ni kazi ya mtawala Dionysius, iliyoanza zaidi ya miaka kumi baada ya pigano, na usiku ule kilichokuwapo ni boma dogo la walinzi tu.

Kiangazi hicho Athene ilimtuma Demosthenes, jemadari ambaye hapaswi kuchanganywa na msemaji mashuhuri wa jina hilo aliyeishi karne iliyofuata, pamoja na merikebu 73 na wahopliti wapatao 5,000, yaani askari wa miguu wenye ngao nzito za mviringo na mikuki mirefu, mbali na warusha mikuki myepesi, wapiga mishale na wapiga makombeo. Demosthenes aliona mara moja kwamba asipouvunja ukuta wa kukingama mzingiro wote ni kazi bure. Alijaribu kwanza kwa mitambo ya kubomolea, adui akaichoma moto. Akaona pia kwamba mchana haiwezekani kuukaribia uwanda na kuupanda bila kuonekana, basi akaamua kwenda usiku. Akaamuru ichukuliwe posho ya siku tano, akawachukua mafundi wote wa mawe na wa mbao, akatoka baada ya watu kulala usingizi wa kwanza, akiwa na makamanda wenzake Eurymedon na Menander, na Nicias akabaki ndani ya kuta za kambi.

Saa ya kwanza ilikwenda kama ilivyopangwa. Waathene walipanda Euryelus bila walinzi kuwahisi, wakaliteka boma, wakawaua baadhi ya walinzi, na wengine wakakimbilia kambi zilizokuwa juu ya uwanda kupeleka habari. Wakaja askari 600 wa Sirakusa waliokuwa zamu sehemu ile, wakapigana kwa ushujaa lakini wakatimuliwa, na kundi jingine la Waathene likaanza kung'oa vizuizi vya juu vya ukuta wa kukingama. Hata Gylippus na watu wake walipotoka walirudishwa nyuma mwanzoni, kwa sababu hawakutazamia shambulio la ujasiri kama ule katika saa kama ile. Waathene wakasonga mbele haraka, wakidhani wameshinda, wakitaka kuvipita vikosi vyote vya adui ambavyo havijapigana kabla havijapata nafasi ya kujikusanya, na katika kusonga huko mpangilio wao ukavurugika. Ndipo walipokutana na kikosi cha wapiganaji kutoka Boeotia, jimbo la Ugiriki lililokuwa rafiki wa Sirakusa, ambao hawakukimbia, bali walisimama, wakawashambulia na kuwavunja.

Yaliyofuata ndiyo yanayolifanya pigano hili kuwa mtihani wa mchezo. Mbalamwezi ilikuwa kali, lakini, kama Thucydides anavyoeleza, watu walionana kama watu wanavyoonana kwenye mwanga wa mwezi: waliona kwamba mbele yao kuna umbo la mtu, wasiweze kuwa na hakika kama ni mwenzao au adui. Wahopliti wengi wa pande zote mbili walikuwa wakizunguka mahali pembamba. Baadhi ya Waathene walikuwa wamekwisha kushindwa, wengine walikuwa bado wanashambulia, na wengine walikuwa ndiyo kwanza wanapanda kutoka Euryelus wasijue waelekee upande gani. Kila aliyekuja akitokea mbele alidhaniwa kuwa adui, hata akiwa mwenzao anayekimbia. Njia pekee ya kutambuana ilikuwa neno la siri, yaani neno moja lililokubaliwa kabla ya pigano, na kwa kuwa kila mtu aliliuliza kwa sauti na kwa wakati mmoja, kelele hizo ziliwachanganya wenyewe na kulifikisha neno hilo masikioni mwa adui. Waathene, kwa upande wao, hawakulijua sana neno la Sirakusa, kwani watu wa Sirakusa, waliokuwa wakishinda, walikuwa pamoja na hawakuwa na haja ya kuulizana. Matokeo yake ni kwamba kundi dhaifu la adui likikutana na Waathene wengi lilitaja neno na kuponyoka, lakini Waathene walioshindwa kujibu waliuawa.

Juu ya hayo ulikuwapo wimbo. Paiani ni wimbo ambao Wagiriki waliuimba wakienda kupambana, na kabila la Wadoria lilikuwa na namna yake ya kuuimba. Watu wa Sirakusa walikuwa Wadoria, kwa kuwa mji wao ulianzishwa na watu wa Korintho. Lakini ndani ya jeshi la Athene pia walikuwamo Wadoria, wakiwemo watu wa Argos na wa Corcyra, na kila walipoimba paiani yao Waathene waliingiwa na hofu kama kwamba adui yuko nyuma yao. Mwishowe marafiki walipigana na marafiki, raia wa mji mmoja wakashikana wao kwa wao wasiachane upesi, na waliofukuzwa, kwa kuwa njia ya kushukia ilikuwa nyembamba, wengi walijitupa magengeni wakafa. Plutarch, aliyeandika karne nyingi baadaye, anataja waliokufa kuwa 2,000.

Sasa inafaa kuuliza jinsi kanuni za kawaida za visanamu zinavyoushughulikia usiku. Njia iliyozoeleka ni kupunguza umbali: kikosi ambacho mchana huruhusiwa kushambulia adui aliye sentimita 60 mbali, usiku kitaruhusiwa sentimita 15 tu, mwendo utapunguzwa kwa nusu, na wapiga mishale watanyimwa shabaha. Kanuni hizi si mbaya, ila zinakifunga kisanamu kinachopaswa kuamriwa na kumwacha huru mchezaji anayeamuru. Kikosi kilicho sentimita 30 kutoka kwa watu wa Boeotia hakiruhusiwi kuwaona, lakini mkono unaokisogeza unawaona vizuri sana na, kwa namna isiyoepukika, utakielekeza pembeni kwa kisingizio hiki au kile. Wapo pia wanaozima taa za chumba na kucheza kwa mshumaa, jambo linalopendeza machoni na kuharibu mchezo, kwa kuwa giza la namna hiyo humzuia mchezaji kusoma dadu yake tu, na baada ya dakika chache macho huzoea. Usiku wa pigano haupimwi kwa uchache wa mwanga. Epipolae mwanga ulikuwapo tele, na huo mwanga wa kutosha kuona mtu na usiotosha kumtambua ndio uliowaua watu.

Dawa ya tatizo hili ni ya zamani kuliko mchezo wa visanamu wenyewe. Mwaka 1824 afisa kijana wa mizinga katika jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, akiendeleza kazi iliyoanzishwa na baba yake, alichapisha kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani ya kipimo cha 1:8,000, ambamo kila zamu iliwakilisha dakika mbili na pande mbili hazikukaa na kutazamana bali zilimwandikia amri mtu wa tatu, mwamuzi, aliyejua yote na kuweka juu ya ramani vile vikosi tu ambavyo upande husika ungeweza kuviona. Mwaka 1876 jenerali mmoja wa huko huko, Julius von Verdy du Vernois, alipendekeza kuachana na wingi wa majedwali na kumwachia mwamuzi mzoefu aamue kwa busara yake. Katika vita vikuu vya pili wazo hilo lilitumika kwa manufaa ya moja kwa moja: mjini Liverpool, kuanzia mwaka 1942, afisa wa majini Gilbert Roberts na wanawake wa kikosi cha majini cha Uingereza walichora kwa chaki juu ya sakafu mwendo wa misafara ya merikebu na wa nyambizi za Ujerumani, wakawaweka makapteni waliokuja kujifunza nyuma ya mapazia ya turubai yenye matundu, ili kila mmoja aone kiasi kile tu ambacho angekiona baharini. Katika michezo hiyo walifikia hitimisho kwamba nyambizi zilikuwa zikiingia katikati ya msafara usiku zikitokea nyuma, na wakabuni mbinu ya kuzijibu ambayo manowari zilikwenda kuitumia Atlantiki. Anayedai kwamba kumficha mchezaji habari ni kumwonea hana budi kujibu hoja hiyo.

Kwa Epipolae, basi, mchezo unahitaji mwamuzi mwenye meza yake kamili nyuma ya pazia, wachezaji watatu wa upande wa Athene wanaoshika nafasi za Demosthenes, Eurymedon na Menander, na mchezaji mmoja wa Gylippus. Hao watatu wasikae pamoja. Kila mmoja apewe mchoro wa uwanda na karatasi za amri, na mbele yake iwepo meza ndogo inayoonyesha kipande cha ardhi kilichomzunguka tu, ambapo kikosi chochote kinachokaribia huwekwa kwanza kama kibao kitupu cha rangi nyeusi kisicho na kisanamu juu yake. Kibao hicho kinasema jambo moja, kwamba kuna watu, na hakisemi ni watu gani. Mchezaji ana hiari tatu: kukishambulia, kukingoja au kukiuliza. Akiuliza, ni lazima alitamke neno la siri kwa mdomo, kwa sauti ya kawaida, na hapo ndipo uzuri wa mpango huu ulipo, kwani Gylippus amekaa katika chumba hicho hicho nyuma ya turubai na hakuna anayemkataza kusikiliza. Tuseme neno la usiku huo ni "mzeituni". Mchezaji mwenye kiasi atalitaja mara moja na kunyamaza, lakini mwenye vibao vinne mbele yake na amri moja tu ya kutoa atalirudia, na baada ya zamu chache Gylippus atakuwa ameliandika kwenye karatasi yake na ataanza kulijibu. Hakuna jedwali linaloweza kuleta athari hiyo, kwa sababu hapa kosa la kihistoria linatendwa upya na mchezaji mwenyewe, tena kwa hiari yake na kwa sababu nzuri.

Paiani nayo iwekwe kwa njia inayofanana. Kuimba kuwe na faida ya kweli, kwa mfano kukipa kikosi kinachoimba nyongeza ya alama moja kwenye dadu ya ujasiri, la sivyo hakuna mchezaji atakayeimba. Lakini kikosi cha Argos au Corcyra kikiimba, mwamuzi awaambie makamanda wote walio karibu, bila kueleza zaidi, kwamba paiani ya Kidoria inasikika upande fulani. Mtunzi asiongeze neno. Mara nyingi mchezaji atawageuza watu wake nyuma kutazama, na kikosi kilichogeuka nyuma kwenye uwanda mwembamba kinaizuia njia ya wale wanaopanda.

Lipo suala la ukubwa ambalo halina jibu moja. Kwa visanamu vya milimita 15 ni kawaida kubandika wahopliti wanne juu ya kibao chenye upana wa milimita 40, na kibao hicho huchukuliwa kuwakilisha mamia ya watu. Kikiwakilisha watu 250, wahopliti 5,000 wa Demosthenes watakuwa vibao 20, jambo linalofaa kwa meza na kwa mfuko wa mnunuzi. Lakini watu 250 walio juu ya kibao kimoja wanajuana wote na wanatembea pamoja, ilhali vurugu ya Epipolae ilikuwa kati ya mtu na mtu, ndani ya kile kibao chenyewe. Wapo wanaoona afadhali kuuacha uwanda mzima na kuchukua kipande kimoja, tuseme mita mia mbili karibu na kichwa cha njia, na kukichezesha kwa visanamu vikubwa vya milimita 28, kila kimoja kikiwa mtu mmoja. Njia hiyo inarejesha hofu ya mtu binafsi, ila inapoteza swali la makamanda, na katika pigano hili swali la makamanda lina uzito zaidi. Mwamuzi anayechagua vibao 20 anaweza kulipunguza tatizo kwa kuruhusu kila kikosi kilichoshinda na kufukuza kigawanyike kwa siri juu ya meza yake yeye, ili kamanda aendelee kuamini kwamba anaongoza watu wote wakati theluthi moja imekwisha kupotelea kulia.

Swali lenyewe la makamanda ni hili: je, baada ya kuwatimua wale 600, ilikuwa busara kuendelea kwa kasi au kusimama na kupanga safu upya? Wasomaji wengi, wakijua mwisho wa habari, huharakisha kumlaumu Demosthenes. Mchezo hufanya lawama hiyo iwe ngumu, mradi mwamuzi asikiteue kabla kikosi cha Boeotia kuwa ndicho kitakachosimama, bali aache karata iamue ni kikosi gani cha adui kitapata nguvu kwanza na katika zamu gani. Kamanda akisimama kupanga safu, Gylippus hupata zamu mbili au tatu za kuwatoa watu wake kambini wakiwa wamepangika, na mafundi waliopelekwa kubomoa ukuta hubaki bila kinga. Akiendelea, safu yake huharibika kwa kila hatua. Shambulio la usiku huishi kwa mshangao wa adui na mshangao hauna akiba, kwa hiyo haraka ya Waathene haikuwa wazimu wala kiburi tu. Kosa lao, kama ni kosa, lilikuwa kupandisha jeshi zima kupitia njia moja, hivi kwamba waliokuwa nyuma hawakuwa hifadhi ya kuwasaidia walio mbele bali msongamano uliowazibia pa kurudi. Mchezaji anayewaacha nusu ya watu wake chini ya Euryelus hadi apate habari ana nafasi nzuri kuliko aliyoipata Demosthenes, ingawa atahitaji moyo mgumu kuwaacha huko.

Jambo moja dogo linastahili kujaribiwa na kila aliye na visanamu hivi, hata asipocheza. Plutarch anasema mwezi ulikuwa umeinama nyuma ya Waathene, hivyo vivuli vyao wenyewe vilianguka mbele yao na kuficha wingi wao na mng'ao wa silaha zao, ilhali ngao za adui, zikiupokea mwanga huo uso kwa uso, ziliwafanya waonekane wengi kuliko walivyokuwa. Kipande hiki Thucydides hana, na msomaji ana haki ya kukitilia shaka. Lakini taa moja ikiwekwa chini kwenye ncha ya magharibi ya meza na taa nyingine zote zikizimwa, na ngao za visanamu zikiwa zimepakwa vanishi inayong'aa, mtazamaji anayelaza kidevu chake usawa wa meza nyuma ya safu ya Athene huona mbele yake mstari wa vidoti vyeupe vinavyotetemeka, hesabu yake haikamatiki, na miguu chini yake haionekani kabisa. Akihamia upande wa pili huona weusi mtupu wenye ncha za mikuki juu. Jaribio hilo halithibitishi kwamba Plutarch alikuwa na habari za kweli. Linaonyesha tu kwamba kama alibuni, alibuni jambo linalowezekana, na hapo taa, ambayo kama njia ya kuleta usiku ilistahili kukataliwa, inapata kazi yake halali.

Kuhusu wanaoona haya kwamba vifo vya watu 2,000 vimekuwa burudani ya jioni, itoshe kusema kwamba mtu aliyezungukwa na vibao vyeusi, akiwa ameshambulia kimoja na kuambiwa na mwamuzi, zamu mbili baadaye, kwamba alikuwa anawaua watu wa Menander, kwa kawaida hacheki.

Mara nyingi mchezo hufungwa pale Waathene wanapovunjika, na huko ni kuufunga mapema. Thucydides anasimulia kwamba wengi walionusurika hadi bondeni, hasa wale wa jeshi la kwanza waliokaa Sirakusa muda mrefu na kuijua nchi, walifika kambini salama, ilhali baadhi ya waliokuja na Demosthenes walikosea njia, wakatangatanga hadi kulipokucha, wakauawa na wapanda farasi wa Sirakusa waliokuwa wakizunguka. Hivyo ziongezwe zamu sita za alfajiri, mwamuzi aliondoe pazia kidogo kidogo kwa kadiri mwanga unavyozidi, vikosi vya zamani vipewe dadu mbili za kutafuta njia na vipya dadu moja, na Gylippus apewe farasi wake kuanzia zamu ya tatu. Alama zihesabiwe kwa watu waliofika ndani ya kuta za Nicias, si kwa silaha zilizobaki uwandani, kwa kuwa usiku ule ngao zilizookotwa zilikuwa nyingi kuliko maiti: walioruka magengeni walizitupa kwanza, na baadhi yao waliishi.